Fremu ya chuma kwa baiskeli ya mbio: pima kwanza, stika baadaye

Mtu akishaamua kununua fremu ya chuma kwa ajili ya mbio, swali la kwanza analoniuliza huwa ni la stika, ile inayotaja kampuni na aina ya mabomba ya fremu. Achukue Reynolds 853 au Columbus Spirit? Mwingine kapata fremu ya zamani ya Reynolds 531 na anataka nimhakikishie kuwa ni dili. Mimi huwauliza bomba la juu lina urefu gani, na hapo mazungumzo hupoa.

Sisemi stika ni upuuzi. Nasema inakuja nafasi ya nne au ya tano, na sababu iko kwenye chuma chenyewe. Chuma cha bei poa na chuma cha bei ya kutisha vina ukakamavu uleule. Chukua mabomba mawili yenye kipenyo kimoja na ukuta wa unene mmoja, moja la chuma cha kawaida na jingine la aloi ghali, uyatundikie mzigo sawa: yatanepa sawa, na kwenye mizani yatalingana karibu kabisa. Yanapoachana ni kwenye nguvu, yaani bomba linavumilia mzigo kiasi gani kabla halijapinda lisirudi, au kupasuka. Aloi yenye nguvu humruhusu fundi atumie bomba la ukuta mwembamba, na gramu hupungua hapo. Kwa hiyo stika inakuambia fremu ingeweza kuwa nyepesi. Kama kweli ni nyepesi, na kama itakukaa mwilini, hilo haisemi.

Mchezo huu wa unene ni wa zamani. Reynolds wa Birmingham, Uingereza, walipata hataza mwaka 1897 ya bomba lenye ncha nene na katikati kwembamba: ncha ziwe nene kwa sababu ndizo zinazopigwa moto wakati wa kuunganisha na ndizo zinazobeba mzigo mkubwa, katikati kupunguzwe kwa sababu hakuna kazi kubwa. Mwaka 1935 wakaleta 531. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja 753, yenye kuta nyembamba kiasi kwamba mafundi walitakiwa kupata idhini ya kampuni kwanza, na waiunge kwa fedha, si kwa shaba, kwa sababu joto kali lingeiharibu. Kisha 853 mwaka 1995, ambayo tabia yake ni kinyume: mahali palipochomelewa huongeza nguvu pakipoa hewani, na ndiyo maana inafaa sana kwa uchomeleaji wa TIG, yaani wa umeme na gesi bila soketi. Ukisikia mtu anasema fremu ya kuchomelewa ni duni kuliko ile yenye soketi za mapambo kwenye maungio, mwache na mapenzi yake. Soketi zinapendeza, mimi mwenyewe huzitazama sana, na ni kweli kwamba bomba lililoharibika humo ni rahisi zaidi kubadilishwa. Mbio hazishindwi kwa soketi.

Sasa kipimo. Fremu nyingi za zamani hutangazwa kwa namba moja, 54 au 56, ambayo ni urefu wa bomba la kiti kwa sentimita. Kuna wanaopima kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi katikati ya maungio ya juu, na kuna wanaopima hadi ncha kabisa. Tofauti hufika sentimita moja na nusu. Na hata ikipimwa sawasawa, namba hiyo haikusaidii sana, maana nguzo ya kiti unaipandisha na kuishusha upendavyo. Urefu wa kwenda mbele ndio usioweza kuuchezea. Muulize muuzaji bomba la juu lina sentimita ngapi, katikati hadi katikati, na bomba la shingo, lile fupi la mbele linalopitisha foki, je. Fremu za siku hizi huja na namba mbili zilizo bora zaidi, richi na staki: ukitoka kwenye ekseli ya pedeli, unakwenda mbele kiasi gani na juu kiasi gani hadi kufika ncha ya juu ya shingo. Chukua baiskeli ambayo mgongo wako haujawahi kuilalamikia, iegemeze ukutani ikiwa wima, ipime hizo mbili kwa futi na timazi, kisha tafuta fremu inayozikaribia. Richi ikipishana kwa sentimita moja, stemu, kile kipande kinachoshika usukani, itarekebisha. Ikipishana kwa tatu, stemu utakayolazimika kufunga itabadilisha namna baiskeli inavyokata kona, na hutaipenda.

Ukiwa hapo hapo, hakikisha kweli ni fremu ya mbio. Nyingi za chuma zilizoko sokoni ni za safari ndefu, zenye matundu ya kufungia keria na madigadi, shingo iliyolala na mkia mrefu. Ni baiskeli nzuri kwa kazi yake. Fremu ya mbio ya breki za ringi kwa kawaida ina shingo yenye pembe karibu na digrii 73, na mabomba ya chini ya nyuma, toka ekseli ya pedeli hadi ekseli ya gurudumu, sentimita 40.5 hadi 41.5.

Baada ya kipimo, kipenyo. Bomba la chini la fremu za jadi lina milimita 28.6. Zilizokuja baadaye nyingi zina 31.8, na nyingine 34.9. Ukuta ukibaki na unene uleule, ukakamavu hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo, kwa hiyo kutoka 28.6 kwenda 31.8 peke yake kunaongeza zaidi ya theluthi. Mimi ni mzito na mlimani napenda kusimama kwenye pedeli. Kwenye mabomba ya 28.6 nasikia cheni ikisugua kizimba cha kibadili gia cha mbele kila mguu unaposhuka. Rafiki ninayefanya naye mazoezi hafiki kilo 60, na fremu hiyohiyo kwake iko kimya. Kama wewe ni mzito au mtu wa kumaliza kwa kasi, tafuta mabomba mapana. Kama u mwepesi, usiogope fremu ya jadi, na wala usikimbilie kuta nyembamba kupita kiasi: bomba la juu lenye milimita 0.4 katikati hubonyea hata kwa usukani kugeuka ghafla na kulipiga.

Kuhusu lile neno kwamba chuma ni laini barabarani, nalichukua kwa tahadhari. Fremu ya pembetatu hainepi sana kwenda juu na chini, iwe ya chuma au ya alumini. Ulaini mwingi unatoka kwenye tairi, foki na nguzo ya kiti. Kwa hiyo badala ya kutafuta chuma laini, angalia tairi pana kiasi gani inapita. Fremu za mbio za miaka ya 1980 na 1990 nyingi huishia tairi ya milimita 25, ukibahatika 28. Mpya za breki za diski mara nyingi hupitisha 32, na hiyo tofauti utaisikia makalioni kuliko aloi yoyote.

Ukinunua iliyotumika, kuna vitu vitatu siondoki bila kuvifanya.

Cha kwanza ni kuchomoa nguzo ya kiti na kusoma namba iliyogongwa juu yake. Bomba la kiti la jadi lina milimita 28.6 kwa nje. Likiwa la ukuta mwembamba, nguzo inayoingia ni ya 27.2 au karibu na hapo. Muuzaji mmoja aliniapia kuwa fremu yake ni 531 kamili, na stika ilikuwepo, inang'aa kuliko rangi iliyoizunguka. Nguzo ilitoka na 26.2. Ukuta ule ulikuwa mnene kama wa fremu yoyote ya bei rahisi, na ubishi ukaisha bila kelele. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwenye fremu za kisasa zenye bomba la kiti pana zaidi, ila kwa za soketi za zamani kinasema ukweli. Na nguzo ikigoma kabisa kutoka? Alumini na chuma vikikaa pamoja miaka mingi na unyevu bila grisi hushikana kama vimeungwa. Kuitoa ni kazi ya siku nzima na inaweza kuishia kwenye msumeno. Mimi huaga na kuondoka.

Cha pili ni kupitisha ncha ya kidole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, pale yanapokutana na shingo. Fumba macho kabisa, kidole kinaona zaidi. Ukigusa mkunjo kama wimbi dogo chini ya rangi, au rangi imepasuka kwa mstari, hiyo fremu iligonga kitu kwa mbele. Usinunue, hata kama foki ni mpya. Hasa kama foki ni mpya.

Cha tatu ni uzi. Gurudumu la nyuma likiwa limetolewa, funga uzi kwenye sikio moja linalopokea ekseli, uzungushe mbele ya shingo, uurudishe hadi sikio la upande wa pili, uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la kiti kushoto, kisha kulia. Zikilingana au zikipishana kwa milimita moja, safi. Zikipishana kwa nne, mkia umekaa upande. Uzuri wa chuma ni kwamba fundi anayejua anaweza kuurudisha, jambo ambalo kwenye kaboni halipo. Hiyo kazi iondolewe kwenye bei.

Vifaa vinavyoingia navyo vinakula pesa kimyakimya. Pima upana kati ya masikio ya nyuma: milimita 126 ni ya enzi za gia 6 na 7, 130 ni ya gia 8 hadi 11. Kutoka 126 hadi 130 chuma kinapanuliwa, milimita mbili kila upande, mradi masikio yasawazishwe baadaye yatazamane. Nyumba ya ekseli ya pedeli yenye upana wa milimita 68 kwa kawaida ni ya uzi wa skrubu wa Kiingereza, na vikombe vyake hupatikana kirahisi. Ya 70 ni ya Kitaliano; hiyo uzi wake wa upande wa kulia haukugeuzwa ukaze kinyume kama wa Kiingereza, ndiyo maana kikombe cha upande huo hupenda kulegea kikifungwa kizembe. Shingo ya inchi 1 itakubana siku utakapotaka foki ya kaboni, kwani za saizi hiyo ni adimu.

Foki ya kaboni ndiyo njia nyepesi ya kupunguza uzito, gramu 300 au zaidi ukilinganisha na ya chuma. Lakini urefu wake, toka ekseli hadi chini ya shingo, ulingane na wa ile ya awali. Ikizidi kwa sentimita 2, shingo inalala kwa takriban digrii moja na usukani unakuwa mzito kuitikia. Fremu yenyewe, ikiwa nzuri, itakuwa na kilo 1.5 hadi 2, wakati za kaboni za mbio nyingi ziko chini ya kilo moja. Kwenye mlima mrefu kilo hiyo ipo na utailipa. Kwenye tambarare, ukiwa mgongoni mwa kundi, sijawahi kuachwa kwa sababu yake.

Fremu ikishakuwa yako, kabla hujafunga chochote, nyunyizia mafuta ya kuzuia kutu ndani ya kila bomba, uigeuzegeuze yasambae, uiache ichuruzike usiku mzima. Angalia kama nyumba ya ekseli ya pedeli ina tundu la kutolea maji na kama halijazibwa na rangi. Nguzo ya kiti ipakwe grisi, na kila baada ya mvua kubwa ichomoe, pindua baiskeli kichwa chini, maji yatoke.