Chokoleti za kujaza krimu kwenye jiko la Dar, anza na joto kwanza

Nilipoanza kujifunza chokoleti za kujaza krimu nilikuwa nafuata mapishi ya Wazungu gramu kwa gramu, na bado zilikuwa zinaniharibikia, na ilinichukua muda mrefu sana kugundua kwamba tatizo liko kwenye kale kamstari ka mwisho wanakoandika acha zigande kwenye joto la chumba. Chumba cha nani sasa? Chumba chao ni nyuzi 18 au 20. Mi nakaa Dar, mwezi wa pili saa nane mchana jikoni kwangu kipimajoto kinasoma 32, na siagi ya kakao, yale mafuta ndo yanayoifanya chokoleti iwe ngumu, inayeyuka kwenye 33 mpaka 34. Yani hewa tu ya jikoni inakaribia kuiyeyusha kabla hata hujawasha jiko.

Nawaandikia haya kwa sababu kila nikitengeneza watu wananiuliza mapishi, na mapishi ni rahisi, nitayatoa hapa hapa, ila ukiyabeba bila kujua habari ya joto na maji utapoteza hela na chokoleti ni ghali jamani.

Ngoja niwape kisa kimoja. Binamu yangu alikuwa na kitchen party, nikajitolea kumtengenezea vipande 120, vya krimu ya vanila na vya kahawa, nimevifanya mchana wa Februari, madirisha wazi, feni inazunguka, nikaviweka kwenye freeza ili vigande haraka. Asubuhi natoa, vimejaa mabaka meupe meupe juu, na baada ya nusu saa vikaanza kutoa jasho. Shangazi akaniita pembeni akaniuliza taratibu, mwanangu hizi hazijaota ukungu kweli? Haukuwa ukungu, ni mafuta ya kakao yamejitenga yakapanda juu, na ule unyevu nao ukayeyusha sukari ya juu ukaacha chengachenga. Hazina madhara kuzila, lakini utampa bibi harusi kitu cha namna ile? Hazikupelekwa. Nililia kabisa siku ile, na ndo siku nilipoamua kujifunza hiki kitu kuanzia chini.

Na ukifikiria inaeleweka, maana hizi chokoleti zimezaliwa kwenye baridi. Kampuni ya Fry's ya Bristol kule Uingereza ndo ilitoa ile ya krimu nyeupe ndani mwaka 1866, na zile za kujazwa ndani ya ganda, wanazoita pralini, ni Jean Neuhaus wa Brussels mwaka 1912. Hakuna kati yao aliyekuwa anapika huku jasho linamtoka. Kwa hiyo sisi wa pwani lazima tupange mambo yetu kivyetu.

Mi sasa hivi nafanya hivi: krimu ya ndani naipika jioni ya siku iliyotangulia, halafu chokoleti yenyewe naigusa saa kumi usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, basi. Julai na Agosti usiku Dar inashuka mpaka 20 hivi na kazi inakuwa tamu mno, ila Januari mpaka Machi bila chumba chenye eisii sifanyi kabisa, nawaambia wateja ukweli. Ndugu zangu wa Arusha, Mbeya, Lushoto, nyie mnaweza kufanya hata saa nne asubuhi, mshukuruni Mungu.

Kuhusu kuchagua chokoleti, geuza pakiti usome. Kama kwenye mafuta wameandika "cocoa butter" peke yake hiyo ndo chokoleti yenyewe, kama utakuta mafuta ya mawese au ya mimea mingine yamechukua nafasi yake hiyo ni chokoleti ya mafuta, ambayo unayeyusha, unachovya, inaganda, haina masharti. Wengi wanaidharau, mi siidharau, kwa anayeanza au anayeuza barabarani juani inavumilia zaidi, ila mdomoni haiyeyuki vile, inaacha kama nta kwenye kaakaa. Mi roho yangu iko kwenye ya kakao, na sababu nyingine ni kwamba mama mkwe wangu ni wa Kyela, nimeona mbegu za kakao zikianikwa uani, nimeona watoto wanavyomung'unya ule utando mweupe mtamu unaozunguka mbegu, na inaniuma kwamba kakao yetu nyingi inasafirishwa ikiwa mbegu tu halafu sisi tunarudishiwa pakiti. Kwa hiyo ukipata chokoleti iliyotengenezwa kwa kakao ya kwetu nunua, tafadhali.

Sasa krimu ya ndani. Hapa ndo pa kukaa kidogo, kwa sababu aina ya krimu ndo inaamua chokoleti yako itakaa siku ngapi, na watu wengi wanachagua kwa ladha tu.

Ya kwanza na rahisi kuliko zote ni ya siagi. Sukari ya unga laini ile ya keki gramu 250, siagi gramu 50, maziwa mazito matamu ya kopo vijiko viwili vya chakula, chumvi kidogo sana na vanila. Siagi iwe siagi kweli, margarini inaleta harufu. Changanya mpaka ishikane kama unga wa chapati, kama ni laini ongeza sukari, viringisha vipande vidogo vya saizi ya kunazi, panga kwenye karatasi ya kuokea, acha usiku kucha kwenye friji bila kufunika ili juu pakauke. Kwa sababu sukari ni nyingi na maji ni machache, hii inakaa wiki mbili kwenye friji bila shida.

Ya pili ni fondanti, na hii ndo ile ya dukani kabisa, nyeupe, laini, inayeyuka ulimini. Wengi wanaiogopa na mi nashangaa, kwa sababu kama umewahi kupika shira ya kaimati au kashata nusu ya kazi unaijua tayari. Sukari nusu kilo, maji mililita 150, na juisi ya ndimu nusu kijiko cha chai. Ile ndimu tunayotia kwenye shira isigande sukari, kazi yake hapa ni hiyo hiyo, inavunja sukari kidogo ili chengachenga ziwe ndogondogo sana. Usizidishe lakini, ukizidisha haitaganda milele. Chemsha bila kukoroga, pembeni ya sufuria ukiona chenga zimeshika zifute kwa brashi yenye maji, mpaka nyuzi 114. Kama huna kipimajoto weka bakuli la maji baridi pembeni, dondoshea tone la shira, ukiliokota kwa vidole likawa kagoroli laini kanakobonyea ndo penyewe, likiwa bado linatawanyika endelea, likiwa gumu umepitiliza, ongeza maji kidogo uanze tena, sukari haiharibiki.

Mimina kwenye sinia ulilonyunyizia maji, halafu usiguse. Narudia, usiguse, usitikise, hata ukiitwa na nani, mpaka ukiweka kiganja chini ya sinia usikie uvuguvugu tu, kama nyuzi 45 hivi. Ukianza kukoroga ikiwa moto inatoka kama mchanga. Ikishapoa chukua mwiko wa mbao ukoroge kwa nguvu, ipeleke mbele irudishe nyuma, dakika kumi, kumi na tano, mkono utachoka na utaona haibadiliki, halafu ghafla inakuwa nyeupe na nzito inagoma. Hapo ikande kwa mikono, weka kwenye chombo chenye mfuniko, ilale. Kesho yake itakuwa laini kuliko ulivyoiacha. Ndo unatia ladha sasa, mi napenda iliki iliyosagwa muda huo huo, punje sita saba tu kwa nusu kilo, au kahawa nyeusi nzito kijiko kimoja, au ganda la chungwa lililokwaruzwa. Fondanti inakaa hata wiki tatu.

Ya tatu ni ganashi, yani krimu ya maziwa na chokoleti. Pasha krimu mililita 100 mpaka pembeni ianze kutoa mapovu, mwagia juu ya chokoleti nyeusi gramu 200 uliyoikatakata, subiri dakika mbili, koroga kuanzia katikati. Ni tamu kuliko zote na ndo inayoharibika haraka kuliko zote, kwa sababu ina maziwa na maji, kwa hiyo friji muda wote na ndani ya wiki iwe imeliwa. Nimejaribu pia kwa tui bubu la nazi badala ya krimu, jamani, na chumvi kidogo juu, hiyo nikipeleka kwenye shughuli inaisha ya kwanza, ila tui la kukamua mwenyewe lazima lichemke vizuri na mi siilazi zaidi ya siku tatu. Tafadhali ganashi usimuuzie mtu anayesafiri nayo kwenye basi kwenda mkoani. Hiyo ni tumbo la mtu.

Haya, chokoleti yenyewe. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa namna sita, na ni moja tu, ya tano, inayokupa mng'ao na ule mlio wa kukatika. Hiyo ndo maana ya kutempa chokoleti, unailazimisha igande kwa namna hiyo moja. Chukua gramu 400 za chokoleti nyeusi, katakata, weka 100 pembeni. Zile 300 ziyeyushe juu ya sufuria yenye maji ya moto, bakuli lisiguse maji, na maji yakishachemka zima jiko kabisa, ule moto wa mvuke unatosha. Ifike 45 mpaka 48, toa, futa chini ya bakuli kwa kitambaa kikavu. Hili la kufuta usiliruke. Tone moja la maji likiingia chokoleti inajikunja inakuwa kama udongo, na hairudi. Mwiko mbichi umewahi kuniharibia bakuli zima, ikabidi niongeze maziwa ya moto niigeuze ya kunywa, watoto walifurahi, mi sikufurahi.

Halafu zile gramu 100 zitie kidogo kidogo huku unakoroga, hizo ndo mbegu, zinaifundisha iliyoyeyuka namna ya kuganda. Koroga bila haraka mpaka ishuke 31 au 32. Kama ni chokoleti ya maziwa ishuke mpaka 29 au 30, nyeupe 28. Kwenye jikoni yenye joto haishuki, na hapo ndo utaelewa kwa nini nasema saa kumi usiku. Jaribu kwanza, chovya ncha ya kisu uiweke kwenye friji dakika tatu, ikitoka kavu na inang'aa endelea, ikitoka na michirizi rudi kukoroga na mbegu zaidi. Kipimajoto cha kidijitali cha jikoni ndo kifaa pekee nakuomba ununue, vingine vyote vinavumilika.

Kuchovya tumia uma, zamisha, inua, gongagonga pembeni ya bakuli, teremsha kwenye karatasi. Zile goroli za krimu, iwe ya siagi au fondanti uliyoiviringisha vivyo hivyo, zitoe kwenye friji kama dakika ishirini kabla, kwa sababu zikiwa za baridi sana zinatanuka baadaye ndani ya ganda na ganda linapasuka, krimu inachuruzika kwenye kaufa kadogo usikokaona. Ukitumia kalibu za plastiki ngumu au za silikoni, jaza chokoleti, gonga kutoa hewa, pindua ibaki ganda tu, friji dakika kumi, jaza krimu uache nafasi ya milimita mbili juu, funika na chokoleti. Ile nafasi watu wanaipuuza halafu kifuniko hakishiki. Kwa ganashi kalibu ni bora, kwa fondanti na ya siagi mi nachovya.

Baada ya hapo friji dakika kumi mpaka kumi na tano, rafu ya katikati, sio freeza. Kwa joto letu haiwezekani kuziacha mezani zigande zenyewe, hapo tunatofautiana na Wazungu na hakuna ubaya.

Kutunza: chombo kisichopitisha hewa, mbali na vitunguu na samaki maana chokoleti inanyonya harufu vibaya mno. Ukitoa kwenye friji usifungue chombo, kiache mezani kimefungwa mpaka ubaridi wake wote uishe, kama saa nzima, ule unyevu utatua nje ya chombo badala ya juu ya chokoleti. Kipande hiki kidogo ndo kingeziepusha jasho zile 120 za binamu yangu hata kama ningekosea mengine. Na ukituma kwa bodaboda weka kwenye kuli boksi, barafu iviringishe taulo isigusane na boksi za chokoleti, tuma kabla ya saa tatu asubuhi, na mwandikie mpokeaji kwenye kikaratasi juu ya mfuniko: usifungue mpaka saa nne.