Vifaranga vya kamba wamesusa chakula cha soya

Ndugu wa Ngomeni, umeuliza kwa nini vifaranga wako wa kamba wa bwawani hawali chakula ulichowatengenezea. Kuondoa dagaa wote ukabakiza soya ndiko kulikokuponza. Kamba hufuata harufu. Soya haiwavuti, na ina upungufu wa methionini, mojawapo ya viini vinavyojenga protini. Ndiyo maana tembe za chakula zinalainika kwenye sinia la kulishia bila kuguswa.

Kwa kilo 100 changanya: dagaa wakavu waliosagwa 35, mashudu ya soya 30, unga wa ngano 20 wa kugandisha, zilizobaki pumba laini. Hapo protini inafika takribani asilimia 36. Soya mbichi usitie kabisa, huzuia mmeng'enyo. Dagaa wenye mchanga au uvundo waache hukohuko sokoni, tafadhali.

Kagua sinia muda wa saa 2 baada ya kulisha. Kamba wakielea juujuu alfajiri, hewa majini ni haba: sitisha kulisha, ongeza hewa, mwite afisa wa uvuvi.