Bakteria hawa au bakteria hizi?

Swali: Ninasomea mikrobiolojia hapa Nairobi na ninaandika muhtasari wa mradi wangu kwa Kiswahili. Tunatumia spektroskopia (kupima jinsi kemikali zinavyoitikia mwanga au mawimbi) kuchunguza kemikali zinazotokana na umetaboli wa bakteria, yaani shughuli za kikemikali ndani ya kiumbe hai. Msimamizi wangu anaandika "bakteria hawa wanatoa", mwenzangu wa maabara anashikilia "bakteria hizi zinatoa". Nimfuate nani? Na virusi je?

Jibu: Mfuate msimamizi wako. Wasemaji huwafikiria bakteria kama wadudu, na katika Kiswahili sanifu jina la mdudu au mnyama huchukua upatanisho wa A-WA hata kama umbo lake halina dalili yoyote ya ngeli hiyo. Ndiyo maana tunasema kipepeo huyu, nyuki wale, simba wawili. "Bakteria hizi" imeenea kwa sababu neno ni la mkopo na halibadiliki katika wingi, basi wengi hulipeleka moja kwa moja kwenye I-ZI pamoja na kalamu na redio.

Kwa kazi yako hili si suala la mapambo. Tuseme mnapima maziwa lala. Bakteria wanakula laktosi, sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki, na kwenye spektroskopia ya NMR (inayotumia sumaku na mawimbi ya redio) asidi hiyo huonekana kwenye grafu kama kilele pacha karibu na alama ya 1.3 ppm. Maziwa yakizidi kuchacha, kilele kinapanda. Sasa soma: "Bakteria katika sampuli hizi zinazotoa asidi nyingi." Nini kinachotoa asidi, bakteria au sampuli? Andika "wanaotoa" na swali linakwisha. Katika maandishi ya sayansi, ambako sampuli, seli, protini na kemikali zote zimo I-ZI, A-WA ndiyo inayomtenga kiumbe na vitu vinavyomzunguka. Ningeitetea kwa sababu hiyo peke yake.

Angalia pia vimilikishi (maneno kama zake na zao), maana hapo ndipo hata waandishi wazuri huteleza. Mashine ya MALDI-TOF, ya kutambua vijidudu kwa uzito wa protini, huwapiga bakteria kwa leza, ikapima uzito wa protini zao, nyingi zikiwa za ribosomu (sehemu za seli zinazotengeneza protini), kisha ikalinganisha mpangilio huo na ile iliyohifadhiwa ili kuwatambua. Nimesema "protini zao" na "kuwatambua". Wala usiseme kwamba wameshakufa kwa hiyo wamegeuka vitu: kuku aliyechinjwa bado ni aliyechinjwa, si iliyochinjwa.

Virusi ni KI-VI: virusi hivi vinaenea, virusi vya korona, na protini zake, si zao. Umbo la vi- limeshinda, na matumizi yamekwisha kukaa. Ni kweli kwamba kirusi hakina umetaboli wake chenyewe. Mkipima kemikali baada ya maambukizi, mnachokiona ni mabadiliko ya seli iliyovamiwa. Lakini usiifanye biolojia kuwa hakimu wa ngeli. Mti una umetaboli na bado ni mti huu unakua. Hamira ni seli hai za kuvu, na hakuna mpishi anayesema hamira ameumua unga. Lugha iliwaweka wanyama na watu katika A-WA. Bakteria wameingia humo kwa kuwa wasemaji huwafikiria kama wadudu wadogo mno.

Neno vijidudu lina ruhusa mbili. Ni kidunishi, yaani neno la kudogosha, kwa hiyo "vijidudu hivi" ni sahihi, na "vijidudu hawa" pia husikika. Mimi huchagua "vijidudu hivi". Wewe chagua moja, usichanganye ndani ya ripoti moja. Kwa neno bakteria, baki na "hawa".

Majina ya Kilatini yaache yalivyo, ila upatanisho ufuate kiumbe: Escherichia coli hawa wanakua haraka kwenye nyuzijoto 37, Escherichia coli mmoja akigawanyika, wanapatikana wawili.