Barua kwa mwanangu: kinanda kando ya mlango wa jiko

Majengo, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea, pamoja na swali uliloniuliza juzi usiku kwa ujumbe wa sauti, ambalo nimelisikiliza mara tatu kwa sababu nyuma ya maneno yako nilimsikia mjukuu wangu akilia. Umesema kwamba mwalimu wake wa kinanda amemwagiza afanye mazoezi kila siku, kwamba wewe unafika nyumbani saa kumi na mbili jioni ukiwa hujabandika chochote jikoni, na kwamba kila jioni huko Dodoma sasa inaishia kwa kelele. Kisha ukauliza nilifanyaje mimi, niliyekuwa nikifundisha mchana kutwa na kupikia watu saba jioni, hata wewe na kaka yako mkajifunza muziki bila ugomvi. Jambo hili halitoshi kwenye simu, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza nirekebishe kumbukumbu yako. Ugomvi ulikuwepo, tena mwingi, ila wewe ulikuwa mdogo na kaka yako ndiye aliyeubeba. Pili, hicho unachokiita mpango wangu hakikuwa mpango. Kile kinanda, tulichokinunua kikiwa kimeshatumika, kiliwekwa kando ya mlango wa jiko kwa sababu soketi ya sebuleni ilikuwa imeungua, na fundi aliyeahidi kuja Jumamosi hakuonekana hata mwezi ulipokwisha. Baba yako aliona aibu kwamba wageni wangekuta kinanda kimetazamana na ndoo za maji. Fundi alipofika hatimaye, mimi ndiye niliyekataa kisihamishwe, kwa maana katika majuma yale nilikuwa nimegundua kitu ambacho ndicho jibu langu kwako leo: mtoto hufanya mazoezi kwa wepesi zaidi anaposikiwa na mtu mwenye shughuli zake kuliko anapotazamwa na mtu asiye na shughuli.

Nilipokuwa nikiketi pembeni ya kaka yako kwenye benchi, sikuweza kujizuia. Kila kidole kilipokosea nilikitaja, naye akaanza kunitazama usoni kabla ya kubonyeza, kana kwamba nota zimeandikwa kwenye paji la uso wangu. Lakini nilipokuwa nimeshika kisu na ndizi mkononi, sikuwa na namna ila kumwacha akosee, arudi nyuma, akosee tena, kisha apate mwenyewe. Sikio langu lilikuwa kwake wakati wote, na alilijua hilo, kwa sababu wimbo ulipokaa sawa nilikuwa nikigonga ukingo wa sufuria kwa mwiko mara mbili. Sifa yangu ilikuwa hiyo tu. Sasa wewe unasema unamfungia chumbani ili apate utulivu huku ukipika, kisha unakwenda kumkagua. Mtoto wa miaka saba aliyefungiwa chumba peke yake na kinanda hajapewa utulivu, amepewa adhabu yenye muziki ndani yake.

Jambo la pili ni saa. Ninyi hamkupigia kinanda saa ya ukutani, mlipigia sufuria. Unakumbuka siku za machalari: nyama ya ng'ombe inatangulia motoni na kitunguu na chumvi, inachemka saa nzima au zaidi ikiwa ni ya mifupa, na wakati huo ndio uliokuwa wa kazi za shule na kuoga. Kisha zinaingia ndizi mshare zilizokwisha kumenywa na kulowekwa kwenye maji zisiwe nyeusi, na tangu zinapoingia hadi zinapolainika ni kama dakika 20 au 25 za moto wa wastani. Hizo ndizo zilizokuwa dakika za kinanda. Hakuna aliyebishana nami kwamba muda umekwisha au haujakwisha, kwa kuwa ndizi haibembelezwi wala haitishwi, na harufu yake ikifika puani kila mtu anajua tumefika wapi. Siku ya maharage mazoezi yalikuwa marefu na ya uvivu. Siku ya mtori nilimwita aliyemaliza kwanza aje kuponda, kwa sababu mtori unataka mikono miwili yenye nguvu na mwiko imara, na mtoto aliyekaa kitako muda mrefu hufurahi kupewa kitu cha kuponda.

Kwa mjukuu wangu nisingeanza na dakika 20. Mwalimu wake amesema hivyo, nami simpingi kwa habari za vidole, lakini kwa umri ule ningezigawa mara mbili: dakika 10 unapobandika maji ya ugali na kuosha mboga, na nyingine 10 baada ya kula. Jaribu majuma mawili. Mtoto mdogo akirudia mistari miwili kila siku hufika mbali kuliko akipiga ukurasa mzima Jumamosi huku akisinzia.

Kuna sehemu ya muziki ambayo haihitaji kinanda kabisa, na hiyo ndiyo niliyoipenda zaidi, pengine kwa sababu ni ya kwaya, nami ni mtu wa kwaya. Kinanda cha mjini kikikatikiwa umeme kinakuwa meza. Solfa, yaani kuimba kwa do, re, mi, haikatikiwi. Unajua kwamba utaratibu huu ulianzia Uingereza katika karne ya 19, kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaukamilisha na kuueneza ili watu wa kawaida wasio na ala waweze kuimba kwa kusoma. Mpaka leo ukumbi wetu wa kwaya una ubao wenye d, r, m, f na nukta pacha za kutenganisha mapigo, na kistari kinachomwambia mwimbaji aishikilie sauti asiiachie. Watoto wangu waliusoma ubao huo kabla ya kusoma nota za mistari mitano, nao waliuanzia kwenye ungo. Tulipokuwa tukichambua mchele, kila jiwe lililopatikana lilipandisha ngazi moja: do, re, mi, mpaka do ya juu, na aliyekosea sauti alirudi chini pamoja na jiwe lake. Katika mchezo ule kaka yako alisikia mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba kutoka mi kwenda fa ni hatua fupi, na ti kwenda do vilevile. Alipofika kwenye kinanda nikamwonyesha kwamba hapo ndipo pasipo na kibonyezo cheusi katikati. Alicheka sana, kama aliyegundua siri ya jirani.

Na mapigo mliyapata kwa bibi yenu kule Kibosho, si kwangu. Alipokuwa akitwanga mahindi ya kande pamoja na shangazi zenu wawili, michi mitatu kwenye kinu kimoja, kila mmoja alishusha wa kwake kwenye nafasi iliyoachwa na mwenzake, na hakuna aliyehesabu kwa mdomo. Ukichelewa kidogo mchi unagongana na wa mwenzio. Ukiwahi, vilevile. Wewe ulikuwa ukikaa juu ya gunia na kupiga makofi katika nafasi zilizobaki, na bibi yako alisema kwa Kichaga kwamba huyu ataimba sauti ya pili. Ndivyo ilivyokuwa. Mwalimu wetu wa kwaya alipokufundisha kuingia baada ya sauti ya kwanza kumaliza kipande chake, hukuhitaji kuelezwa mara ya pili. Huko Dodoma najua huna kinu, lakini una kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu. Mpe mchi wake naye, mpokezane.

Sasa makosa yangu, kwa sababu ungeyasikia kwa kaka yako hata kama ningenyamaza. Jioni moja, alipokataa katakata kugusa kinanda, nilimwambia kwamba hatakula mpaka apige wimbo wote. Akapiga, akilia, kisha akaja mezani na hakula. Kwa miezi kadhaa baadaye kila alipoona sahani alikunja uso, na kila alipoona kinanda pia. Nilikuwa nimevifunga vitu viwili nilivyotaka avipende kwa kamba moja mbaya. Chakula usikifanye mshahara wa muziki wala faini yake. Mazoezi yaambatane na mapishi, lakini sahani iwekwe mezani kwa kila mtu, aliyepiga vizuri na aliyegoma.

Kosa la pili ni dogo, nalo lilitugharimu fedha. Ndizi zina utomvu, na utomvu ukikauka mahali hautoki tena. Nilikuwa nawaruhusu mnisaidie kumenya kwa mikono iliyopakwa mafuta ya kupikia, kisha mwende moja kwa moja kwenye kinanda. Vibonyezo vitatu vya katikati vikawa na rangi ya kahawia, kisha vikaanza kunata, na fundi wa redio pale mjini alivifungua akakuta tabaka ambalo hakulielewa mpaka nilipomweleza kazi za nyumba yetu. Kwa hiyo: sabuni, maji ya vuguvugu, kitambaa kikavu, ndipo kinanda.

Umeniuliza pia kuhusu kidole gumba kinachomliza. Hilo si la kulia. Anapopanda kutoka do hadi do kwa mkono wa kulia, gumba, cha shahada na cha kati vinamaliza do, re, mi, kisha gumba linapita chini ya kidole cha kati kulishika fa. Watoto wote hukwama hapo, nawe ulikwama. Mwache afanye hatua hiyo moja tu, mi kwenda fa na kurudi, polepole, wakati unakaanga vitunguu, na asiguse kingine siku hiyo. Siku tatu au nne zitatosha.

Kisogeze basi kinanda. Najua nyumba yenu ni ndogo na mume wako atasema kinaziba njia, kama alivyosema baba yako. Mwambie ni amri ya mama mkwe.

Mkungu wa mshare nitautuma kesho kwa basi la asubuhi, pamoja na maharage kilo 3 kutoka soko la Mbuyuni. Mvua za masika zimeanza, kwa hiyo nimeufunga kwa mifuko miwili. Ndizi ni changa, zipike mapema kabla hazijaanza kuiva. Jumapili jioni, ukishaziweka motoni, nipigie, kisha iache simu juu ya meza karibu na mlango wa jiko bila kumwambia mtoto chochote. Nitakuwa nachambua mchele huku nikisikiliza.

Mama yako