Duara lenye doa jeusi
Ukitazama nyota kwa darubini ya kioo ukaona duara jeupe lenye doa jeusi badala ya nyota, huo si ubovu wa darubini. Doa ni kivuli cha kile kioo kidogo cha ndani. Fokasi tu, yaani ukali wa picha, haijakaa. Zungusha gurudumu la fokasi polepole, duara lisinyae mpaka libaki nukta kali. Likizidi kupanuka, rudi upande wa pili. Tumia lenzi ya kutazamia ya milimita 25 kwanza, inayokuza kidogo, ya 10 inayokuza zaidi baadaye. Kidarubini cha kulengea, kile kidogo kilichofungwa ubavuni, kirekebishe mchana kwa mnara wa mbali kilenge sawa na darubini, ila jua usilielekee kamwe, utapofuka! Usiku itoe darubini nje nusu saa kabla ya kutazama, kioo kipoe. Kisha anza na mwezi nusu: pale mwanga unapokutana na giza, mashimo yanaonekana hadi kingo zake.