Mkutubi ana kazi gani hospitalini siku hizi?

Mkuu, umeuliza kama hospitali bado ina haja ya mkutubi ilhali kila daktari ana intaneti mfukoni. Hii ndiyo kazi yangu, na naona haja imezidi. Kupata makala nyingi ni rahisi. Kupata zile zote zinazohusika ni shughuli nyingine kabisa.

Chukua kilichotokea Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2001. Mwanamke wa miaka 24, mzima wa afya, alijitolea kwenye utafiti wa pumu. Alivutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu, mapafu yakaharibika, akafariki. Mtafiti alikuwa ametafuta kwenye PubMed, hifadhidata ya mtandaoni ya makala za tiba, ambayo wakati huo ilianzia 1966. Makala za miaka ya 1950 zilizohusisha dawa hiyo na madhara ya mapafu zilikuwepo, lakini nje ya hapo. Kila nikifundisha watafiti wapya naanza na habari hii, na bado inaniuma.

Sasa, daktari akiniletea swali la kifafa cha mimba, kwanza tunalivunja: mgonjwa yupi, tiba ipi, inalinganishwa na nini, tunapima matokeo gani. Kisha nakusanya majina yote ambayo hali hiyo imewahi kuitwa. Waandishi wa zamani waliandika toksimia ya ujauzito, na ukitumia jina la leo pekee unaweza kuwakosa. Istilahi za MeSH, yaani orodha rasmi ya vichwa vya mada za tiba iliyoanza 1960, hukusanya majina ya namna hiyo chini ya kichwa kimoja, ila si kila makala iliyomo PubMed imepewa vichwa hivyo. Kwa hiyo natafuta kwa njia zote mbili, kwa vichwa hivyo na kwa majina yenyewe, na naandika kila hatua ili mwingine aweze kuirudia.

Kuna pia maarifa ya ndani ya hospitali. Mwongozo wa dozi umebadilishwa, lakini nakala ya zamani bado imebandikwa wodini, na muuguzi wa zamu ya usiku anafuata hiyohiyo. Nimelikuta hili kwa macho yangu. Kila mwongozo uwe na tarehe, mwenye dhamana na siku ya kupitiwa upya, na nakala ya zamani ibanduliwe siku ileile mpya inapotoka. Kutuma barua pepe hakutoshi.

Kama unaandaa utafiti, mtafute mkutubi kabla hujaandika pendekezo. Ukija ukiwa umeshakusanya data, hatakuwa na la kufanya kuhusu swali ambalo wengine walishalijibu.