Kumpeleka mtoto kuwinda kanga: mpe kazi, usimpe bunduki

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mtoto wa miaka kumi anafaa kufuatana nawe porini kuwinda kanga, na kama umwachie apige walau risasi moja. Wadau wamekujibu kwa utani mwingi, wengine wameshafika kwenye manati. Mimi nilimpeleka binti yangu akiwa na miaka kumi na moja, upande wa Itigi, mkoani Singida, kwa hiyo nakupa niliyoyaona.

Mpeleke. Bunduki asishike.

Mambo ya karatasi nayapita haraka. Leseni imeandikwa ndege gani, wangapi na eneo lipi, na kuwa na mtoto hakukuongezei hata mmoja. Kuwinda usiku kwa tochi ni kosa, kwa hiyo usimwahidi habari za kuwafuata kanga juu ya mti walikolala, hata kama wewe ulikulia kwenye mchezo huo. (Ndugu zetu wa Kenya mnaosoma, kwenu uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977. Hii ichukueni kama hadithi.)

Nenda kiangazi kikishakolea. Masika kanga hutawanyika wawili wawili na kutaga chini kwenye nyasi. Kiangazi hurudi kundini, thelathini, hamsini, na asubuhi wanashuka mitini wakipiga kelele kama bawaba isiyoonja mafuta mwaka mzima. Wanakwenda majini wamefuatana mstari mmoja kama wanafunzi, kisha wanaingia mashamba yaliyovunwa kuparura mtama uliodondoka. Hata msipopiga kitu, mtoto atakuwa ameona.

Tulikuwa na Babu, mzee mwenyeji wa kule. Yeye ndiye macho yangu, na ndiye anayechinja, maana nusu ya majirani zangu ni Waislamu na kanga hapikwi kwangu bila sahani kuvuka ua. Binti akamwamkia shikamoo, Babu akaitikia marahaba, halafu akamuuliza, "Mjukuu wangu, leo umekuja kufanya kazi gani?" Binti akanitazama. Mimi nilikuwa nimepanga maji, mihogo na kofia. Kazi sikuwa nimeipanga. Babu akampa yeye: ahesabu. Bunduki ikilia, asimwangalie kanga aliyeanguka, amwangalie anayekimbia.

Nikamweka hatua moja nyuma ya bega langu la kushoto, mkono wake umeshika mkanda wangu, nijue alipo bila kugeuka. Masikioni alivaa vile vizuia kelele vya mafundi wa kuchomelea na kukata vyuma, pamba haitoshi. Na kila tulipovuka korongo au ua wa miiba nilikunja bunduki, nikatoa risasi zote mbili, nikamwonyesha mitutu mitupu. Usifanye hivyo kimyakimya. Aone.

Sasa kosa langu. Marehemu baba aliwinda kwa gobore. Baruti ilikuwa ghali, na kulishindilia upya kulichukua muda, kwa hiyo alikuwa anasubiri vichwa vya kanga vikutane ndipo anafyatua katikati ya kundi. Mlio mmoja, kanga watatu, wanne. Nilikua nikijua huo ndio ufundi. Asubuhi ile kundi lilikuwa ukingoni mwa shamba, hatua kama thelathini, wameinama wamebanana, nami nikapiga alivyopiga baba.

Wawili walibaki pale pale. Nikaanza kujipongeza. Binti akanivuta mkanda.

"Baba, watatu."

Nikamwambia wawili, hawa hapa.

"Watatu. Mmoja bawa linaburuta. Ameingia pale kwenye kichuguu, kulia."

Anayevijua vichaka vya Itigi anajua maana ya maneno hayo. Vimiti vyembamba vimesongamana, njia hakuna, na kanga aliyevunjika bawa haoni hasara kubwa kwa sababu miguu yake inamtosha. Nakiri, ningekuwa peke yangu ningechukua wawili wangu nikaondoka. Babu hakuniuliza mimi. Alimuuliza mtoto, "Kichuguu kipi?"

Penye kichuguu kulikuwa na tone la damu juu ya jani kavu, dogo kama punje ya ulezi. Mbele yake unyoya. Tulitafuta karibu saa nzima: Babu ametangulia na fimbo kwa ajili ya nyoka, binti nyuma yake anatambaa, mimi mwenye bunduki nimekuwa wa mwisho na miiba imenishika shati. Tulimkuta chini ya gogo, shingo ameivuta ndani, madoa yake yamechanganyika na vitone vya jua hata nikampita. Binti ndiye aliyeliona jicho.

Babu alimwambia ashike miguu. Akasema bismillahi, akapitisha kisu. Miguu ilirusha mateke mara kadhaa mikononi mwa mtoto, ikatulia, naye hakuiachia hadi alipoambiwa.

"Tungemwacha ingekuwaje?"

Babu akafuta kisu kwenye majani. "Usiku angekuja kicheche."

Leseni ilikuwa na nafasi ya wengine wawili. Nikakunja bunduki tukarudi.

Tangu siku ile napiga aliyejitenga na wenzake, au aliyekwisha kuruka, marisau, zile punje ndogo za ndani ya risasi, yasiwafikie wa pembeni. Nakosa mara nyingi zaidi kuliko zamani, na Babu hachoki kunicheka.

Kuhusu hiyo risasi moja ya kuonja: hapana, mkuu. Shotigani inapiga teke bega la mtu mzima, sembuse la mtoto, na silaha imeandikishwa kwa jina lako. Kama anataka kulenga, atundike kopo nyuma ya nyumba alipige kwa manati, hapo wadau hawakukosea.

Nyumbani mpe kazi ya kunyonyoa. Maji yawe ya moto lakini yasiwe yanatokota, ngozi ya kanga inachanika upesi. Kanga mzee anataka kuchemshwa sana, kwa chumvi na tangawizi, ndipo utie karanga zilizosagwa. Ukimharakisha utatafuna kiatu. Na mwambie atafune taratibu kwa sababu ya marisau. Binti alipata mawili, akayapanga ukingoni mwa sahani na kuendelea kuhesabu.

Msimu uliopita nilimuuliza kama tutakwenda wote. Alitaka kwanza kujua kama Babu atakuwepo.